Jua la Mkwaja: Kukadiria Mionzi ya UV kwa Vipimo Tulivyonavyo

Mkwaja ni kijiji cha pwani katika Wilaya ya Pangani, kilomita 80 hivi kusini mwa mji wa Tanga, nyuzi 5.8 kusini mwa ikweta. Upande wa bara kimepakana na Hifadhi ya Taifa Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005 ikiwa na eneo ambalo zamani lilikuwa ranchi ya ng'ombe ya Mkwaja. Mbele yake ni bahari. Katika pwani hii watu hushinda juani kwa sababu riziki yao iko juani: mvuvi ndani ya ngalawa, mkulima shambani, mama anayechokoa pweza kwenye mwamba maji yakipwa, mtoto anayetembea kwenda shule saa mbili na kurudi saa nane.

Swali la makala haya ni la kisayansi, lakini jibu lake linawahusu hao wote. Je, tunaweza kujua ni kiasi gani cha mionzi ya urujuanimno, yaani UV, inayowafikia, ikiwa kipimo tulicho nacho ni cha mwanga wa jua tu? Jibu langu ni ndiyo, na kwa usahihi unaotosha kuongoza maisha ya kila siku. Lakini njia ya mkato ambayo wengi huikimbilia, ya kuchukua asilimia moja isiyobadilika ya mwanga na kuiita UV, inapotosha. Mbaya zaidi, inaweza kupotosha kwa upande ule unaoumiza.

Kinachounguza ni kidogo mno

Jicho la binadamu huanza kuona mwanga kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 400 hivi. Chini ya hapo ndipo ilipo UV, nayo imegawanywa mafungu matatu. UV-A ni nanomita 315 hadi 400, UV-B ni 280 hadi 315, na UV-C ni chini ya 280. Angahewa hunyonya UV-C yote. Ozoni hunyonya takriban asilimia 90 ya UV-B, na UV-A hupita kwa wingi. Kwa jumla, UV inayofika ardhini ni kama asilimia 5 tu ya nishati yote ya jua.

Hata ndani ya asilimia hiyo, mawimbi hayana madhara sawa. Mwaka 1987 wanasayansi McKinlay na Diffey walipendekeza mizani inayoonyesha kila urefu wa wimbi huunguza ngozi kwa nguvu gani, na mizani hiyo ikakubaliwa kimataifa. Mawimbi mafupi ya UV-B huhesabiwa kuwa makali mara elfu na zaidi kuliko mawimbi marefu ya UV-A. Kanada ilitumia mizani hiyo mwaka 1992 kuanzisha fahirisi ya UV kwa ajili ya wananchi wake, na Shirika la Afya Duniani likaieneza pamoja na Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Mwongozo unaotumika hadi leo ulitolewa mwaka 2002. Namba moja ya fahirisi ni miliwati 25 za mionzi inayounguza kwa kila mita ya mraba. Kuanzia 0 hadi 2 hatari ni ndogo, 3 hadi 5 ni ya wastani, 6 na 7 ni kubwa, 8 hadi 10 ni kubwa sana, na 11 kwenda juu ni ya kupindukia.

Tuweke namba hizo kando ya mwanga wenyewe. Jua la utosini, anga ikiwa safi, huleta karibu wati 1,000 kwa mita ya mraba. Fahirisi ya 15 ni wati 0.375 tu. Kinachounguza ngozi hakifiki hata sehemu nne katika sehemu elfu kumi za mwanga uliopimwa. Ndiyo maana jicho halikioni, ngozi haikihisi kama joto, na chombo cha kupima mwanga wote hakikitambui peke yake.

Vipimo vilivyopo

Vituo vya hali ya hewa vya Afrika Mashariki vina historia ndefu ya kupima jua. Chombo kikongwe ni kile cha Campbell na Stokes, tufe la kioo ambalo hukusanya miale na kuchoma mstari kwenye kadi. Urefu wa mstari ndio muda ambao jua liliwaka siku hiyo. Mwaka 1924 Ångström wa Sweden alionyesha namna ya kugeuza muda huo kuwa kiasi cha mwanga, na Prescott akaiboresha kanuni hiyo mwaka 1940. Kwa namba ambazo Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) hupendekeza kwa mahali pasipo na namba zake, jua likiwaka kwa muda wa saa tisa katika mchana wa saa 12, ardhi hupata takriban asilimia 62 ya mwanga uliofika juu ya angahewa.

Baadaye ikaja pairanomita, chombo kinachopima mwanga wote unaoangukia uso bapa, dakika kwa dakika. Zipo pia paneli za sola, ambazo zimeenea katika vijiji vingi visivyofikiwa na gridi. Mkondo wa paneli huongezeka na kupungua pamoja na mwanga, hivyo kwa uangalifu unaweza kutumika kama kipimo cha jua. Lakini paneli ya silikoni hushika hasa mwanga unaoonekana na sehemu ya miale ya joto. Hesabu zake ni za mwanga, na UV lazima ikadiriwe juu yake.

Asilimia moja haitoshi

Mtu akipima mwanga na UV kwa pamoja saa sita mchana, atapata uwiano fulani. Kishawishi ni kuubeba uwiano huo na kuutumia siku nzima. Hapo ndipo hesabu inapoharibika, kwa sababu UV-B na mwanga wa kawaida havipungui kwa kasi moja jua linapoinama.

Jua likiwa chini, miale hupita njia ndefu zaidi ndani ya ozoni, na hewa yenyewe hutawanya mawimbi mafupi zaidi kuliko marefu. Mwanga unaoonekana hupungua kiasi, UV-B hunyauka. Mwaka 2007 mwanasayansi wa angahewa Sasha Madronich alitoa kanuni fupi ya makadirio kwa anga safi. Chukua 12.5, zidisha kwa kosaini ya pembe kati ya jua na utosi ikiwa imepandishwa kwa kipeo cha 2.42, kisha rekebisha kwa unene wa ozoni. Kipeo hicho cha 2.42 ndicho kiini cha jambo. Mwanga wote hufuata kosaini kwa kipeo kinachozidi moja kwa kidogo tu.

Sasa tupige hesabu ya Mkwaja. Ozoni ya tropiki ni takriban Dobsoni 260, yaani ozoni yote iliyo juu yetu ikishushwa hadi usawa wa bahari ingekuwa tabaka la milimita 2.6. Mapema mwezi Machi, jua likiwa utosini na anga safi, kanuni inatoa fahirisi inayokaribia 15, na mwanga ni karibu wati 1,040. Saa nne kabla ya hapo, jua likiwa nyuzi 60 kutoka utosini, mwanga umebaki wati 490 hivi, karibu nusu. Fahirisi ya UV ni kama 3, sehemu moja ya tano.

Aliyechukua uwiano wa adhuhuri ataambiwa asubuhi hiyo ina fahirisi ya 7, zaidi ya mara mbili ya ukweli. Huyo atajificha bila sababu kubwa. Lakini aliyechukua uwiano wake asubuhi ataambiwa adhuhuri ya Mkwaja ina fahirisi ya 6, wakati ukweli unakaribia 15. Huyo ataumia akijiona salama.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kujua ni jua liko wapi, hata kabla ya kujua kuna mwanga kiasi gani. Nalo hilo halihitaji chombo ghali, maana tarehe, saa na latitudo vinatosha. Inafaa tu kukumbuka kwamba saa ya ukutani na saa ya jua hazilingani. Muda wa Afrika Mashariki umepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, na Mkwaja iko karibu na nyuzi 38.9. Jua hufika kilele chake hapo saa 6 na dakika 25 kwa wastani, likitangulia au kuchelewa hadi robo saa kutegemea mwezi.

Mwaka mzima bila likizo

Jua hupita utosini pa Mkwaja mara mbili kwa mwaka: kati ya tarehe 5 na 6 Machi, kaskazi ikielekea mwisho na masika ikikaribia, na tena karibu na tarehe 8 Oktoba, kabla vuli haijakolea. Katika vipindi hivyo fahirisi ya adhuhuri, anga ikiwa wazi, hukaribia kilele chake.

Watu hudhani Juni na Julai ni salama, kwa kuwa kusi inavuma na kipupwe kimeingia. Hesabu inasema vingine. Mwezi Juni jua la adhuhuri huwa nyuzi 29 hivi kutoka utosini, na fahirisi bado ni takriban 10, ngazi ya hatari kubwa sana. Joto la hewa na upepo wa bahari havina uhusiano wa moja kwa moja na UV. Kusi hupoza ngozi na kumwondolea mtu onyo lile dogo alilokuwa akilipata kutokana na joto, naye hukaa juani muda mrefu zaidi. Jambo hilo lina uzito zaidi huko milimani Lushoto, ambako baridi ni kali lakini mwinuko huongeza UV kwa zaidi ya asilimia 10 kwa kila mita 1,000.

Mawingu: hapa ndipo kipimo cha mwanga kinapofaa

Kanuni ya anga safi hutoa upeo. Siku halisi zina mawingu, na hapa ndipo pairanomita au hata paneli inapopata kazi yake. Tunagawa mwanga uliopimwa kwa mwanga ambao ungekuwapo kama anga ingekuwa safi. Uwiano huo unatuambia mawingu yamezuia kiasi gani, na tunautumia kupunguza UV.

Lakini hapa pia hatuwezi kuhamisha namba kama ilivyo. Mawingu huzuia UV kidogo kuliko yanavyozuia mwanga wote, kwa sababu matone ya maji na mvuke hunyonya miale ya joto na si UV, na sehemu kubwa ya UV hufika ikiwa imetawanyika kutoka pande zote za anga. Mwanga ukibaki nusu, UV mara nyingi hubaki kama asilimia 60 au zaidi kidogo. Adhuhuri ya Machi yenye fahirisi ya 15 inaweza kubaki 9 chini ya wingu linalomfanya mtu aseme jua halipo. Wingu jepesi linaweza kupitisha zaidi ya asilimia 90 ya UV.

Liko jambo la kushangaza zaidi. Mawingu yaliyochanikachanika, yale meupe ya mafungu mafungu ambayo pwani huyaona sana, yanaweza kuongeza UV kwa muda mfupi juu ya kiwango cha anga safi, kwa sababu miale ya moja kwa moja inapita penye uwazi huku kingo za mawingu zikirudisha miale mingine chini. Katika dakika hizo pairanomita nayo hupanda kupita kiwango chake, na mpimaji asiyelijua hilo huitupa namba sahihi akidhani chombo kimeharibika.

Ozoni na moshi

Ozoni hubadilisha matokeo, lakini si kwa ukubwa ambao mazungumzo ya mitaani hudai. Tofauti ya Dobsoni 250 na 280, ambayo ni kubwa kwa tropiki, inabadilisha UV inayounguza kwa asilimia 15 hivi. Thamani za ozoni hupatikana kila siku kutoka setilaiti, na Nairobi ina rekodi ya maputo ya kupima ozoni tangu miaka ya 1990.

Wengi huamini kwamba jua letu ni kali kwa sababu ozoni imetoboka. Tundu lililotangazwa na Farman, Gardiner na Shanklin mwaka 1985 liko juu ya Antaktika. Mkataba wa Montreal wa Septemba 1987 ulizuia janga ambalo lingeweza kuifikia dunia nzima, na ni mafanikio ya kujivunia, lakini ukali wa jua la Mkwaja una sababu za kimaumbile. Jua hupita juu kabisa, na tabaka la ozoni la tropiki ni jembamba tangu awali. Hata ozoni ikipona kikamilifu, fahirisi ya Machi itabaki ya kupindukia, kwa hiyo kinga haiwezi kusubiri.

Moshi wa kuchoma mashamba na vumbi hupunguza UV kuliko kanuni ya anga safi inavyodhani, na masizi hunyonya mawimbi mafupi zaidi ya marefu. Uwiano unaopatikana msimu wa moto si lazima uwe sahihi baada ya mvua kuiosha anga.

Macho ya angani

Setilaiti hufanya hesabu hii hii kwa dunia nzima. Chombo cha OMI kimekuwa angani tangu 2004, na TROPOMI tangu 2017, vikipima ozoni na mawingu, huku Meteosat ikipiga picha ya Afrika kila robo saa. Namba ya UV ambayo simu huonyesha kwenye programu za hali ya hewa kwa kawaida hutoka kwenye mifumo ya namna hii. Simu yenyewe haijapima kitu.

Kwa pwani, tatizo la setilaiti ni ukubwa wa kipande inachokiona. Kipande kimoja cha OMI ni kilomita 13 kwa 24, kikichanganya bahari, ufuko na pori. Upepo wa bahari hutengeneza mawingu kilomita kadhaa ndani ya bara huku ufuko ukiwa mweupe kwa jua. Wastani wa kipande unaweza kusema mawingu ni ya wastani, wakati mtu aliye kwenye mwamba hana wingu hata moja juu yake. Kosa la aina hiyo hutokea pia tukichukua kipimo cha mwanga cha Tanga mjini na kukitumia Mkwaja. Kwa wastani wa mwezi kinafaa. Kwa saa fulani ya siku fulani, hakiaminiki.

Bamvua na saa za hatari

Hapa hesabu yote inakutana na maisha. Katika pwani ya Tanga, maji ya bamvua hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 6 mchana, na tena usiku. Ndivyo ilivyo mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, Januari kama Julai. Kazi za mwambani hutegemea bamvua hiyo: kulima na kuvuna mwani, kuchokoa pweza, kuokota chaza. Maji mafu hupwa alfajiri na alasiri, lakini hayaachi mwamba wazi vya kutosha.

Kwa hesabu ya Machi na Oktoba, fahirisi huvuka 3 mnamo saa 2 na nusu asubuhi, huvuka 8 kabla ya saa 4, na hubaki juu ya 8 hadi karibu saa 9 alasiri. Mwezi na jua kwa pamoja vimempangia mwanamke wa pwani zamu yake ya kazi katikati kabisa ya saa hizo. Kumshauri aepuke jua la mchana ni kumshauri aache riziki. Maji ya magotini hayamsaidii, kwani nusu mita chini ya uso wa bahari bado kuna takriban asilimia 40 ya UV. Povu la mawimbi hurudisha takriban asilimia 25 na mchanga mkavu asilimia 15, kwa hiyo mionzi humfikia usoni hata akiwa ameinama.

Ngozi nyeusi ina kinga ya kweli. Melanini yake hupunguza UV inayopenya mara kadhaa zaidi kuliko ngozi nyeupe. Wala jua si adui tu, maana UV-B hutengeneza vitamini D. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 juu ya Wamaasai na Wahadzabe wa Tanzania ulikuta wastani wa nanomoli 115 kwa lita ya damu, kiwango kizuri kabisa.

Lakini macho hayana kinga hiyo. Mtoto wa jicho, na kile kinyama kinachoota kwenye weupe wa jicho na kusogelea mboni, huhusishwa na UV ya miaka mingi, nao huwapata watu wa rangi zote.

Na wapo Watanzania wasio na melanini. Ualbino nchini hukadiriwa kumpata mtu mmoja kati ya 1,400, kiwango cha juu mno kuliko Ulaya. Kipimo cha jouli 200 kwa mita ya mraba kinatosha kuwasha ngozi isiyo na kinga. Fahirisi ikiwa 12, kiasi hicho hukamilika kwa dakika 11. Utafiti wa mwaka 1985 kwa watu 350 wenye ualbino jijini Dar es Salaam ulionyesha kwamba uharibifu wa ngozi huanza ndani ya mwaka wa kwanza wa maisha. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko hospitali ya KCMC mjini Moshi, pamoja na mafuta ya Kilisun yanayotengenezwa huko kwa ajili yao, vimeonyesha kwamba saratani hizi zinazuilika. Makadirio ya UV yanaweza kueleza mafuta yapelekwe wapi, kwa wingi gani, na mtoto wa shule atolewe nje saa ngapi.

Kifanyike nini

Vyanzo vya makosa havina uzito sawa. Cha kwanza ni urefu wa jua, nacho tunakijua bila kukosea. Cha pili ni mawingu, nacho mwanga uliopimwa hukisahihisha kwa kiasi kikubwa. Ozoni ni ya tatu, na moshi wa nne. Kinachokosekana ni uhakiki wa hapa nyumbani. Kipima-UV kimoja kinachofuata mizani ya ngozi, kikiwekwa kando ya pairanomita kwenye ufuko wa Tanga kwa mwaka mzima, kupitia kaskazi, masika, kusi na vuli, kingetupa uhusiano wa kweli wa pwani hii, na uhusiano huo ungetumika kusoma upya rekodi za mwanga za miaka mingi iliyopita. Vipima-UV huchakaa na lazima vihakikiwe kila mwaka, kwa hiyo bajeti isiishie kwenye kununua.

Kabla wakati huo haujafika, makadirio yatumike, na yakikosea yakosee kwa upande wa juu. Namba iliyozidi kidogo humgharimu mtu kofia pana, kanga mabegani na miwani. Namba iliyopungua humgharimu jicho au ngozi. Mamlaka ya Hali ya Hewa ina uzoefu wa kuwatabiria wavuvi upepo na mawimbi. Fahirisi ya UV ya siku za bamvua, ikisomwa redioni pamoja na hayo, ingemfikia mtu kabla hajashuka mwambani.

Na kwa asiye na redio, jiometri ya jua inampa kipimo cha bure. Kivuli kinapolingana na urefu wa mtu, jua liko nyuzi 45, na kwa ozoni yetu fahirisi ni takriban 6. Kivuli kikiwa kifupi kuliko mtu, hatari ni kubwa na inaendelea kupanda. Kanuni hiyo inafaa Machi na Julai, kwenye joto la kaskazi na kwenye ubaridi wa kusi, na mtoto wa darasa la pili anaweza kuitumia. Ifundishwe shuleni Mkwaja na pwani yote mwaka huu, bila kusubiri chombo chochote.